Mgeni Mwenye Ankara

Asubuhi ile kishikwambi cha kituo cha maziwa cha Masukulu kiliamka na maneno mekundu usoni: Huduma imesitishwa. Lipia ili kuendelea. Nje, mvua nyembamba ya Rungwe ilinyunyiza bila haraka ya kwenda popote. Kina mama walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao, khanga vichwani, maziwa bado yana joto la ng'ombe. Tupokigwe, mwenyekiti wa kikundi, akakisugua kioo kwa pindo la kitenge. Maneno hayakutoka.

"Kimekufa?" aliuliza Esnath, mweka hazina.

"Hakijafa. Kimenuna."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ndani ya kitu kile mlikuwa na lita za kila mmoja wao za mwezi mzima, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya malipo. Mfumo usipofunguka, nani angejua apewe nini?

Ankara ilikuwa imeingia jana yake kwenye simu ya Esnath. Ajabu ni kwamba hawakuwa na deni. Mkataba wao na kampuni ya Mbeya ulitaja ada moja ya mwaka, na ndani ya ada hiyo mlikuwa na mfumo, mafunzo na matengenezo. Walisomewa wote kwa sauti, wakauliza, wakajibiwa, wakalipa. Sasa lilikuwa limezuka jambo ambalo mkataba haukulijua: ziara za ushauri wa kitaalamu, kila moja na tarehe yake.

Esnath alizisoma tarehe moja moja. Alipofika katikati, Tupokigwe akainua mkono.

"Hebu irudie hiyo."

"Jumatatu ya Pasaka. Ziara ya ushauri."

"Jumatatu ya Pasaka Ackson alikuja kwangu kula kuku."

Esnath akaishusha simu.

Ackson ndiye kijana wa kampuni aliyewafungia mfumo. Mama yake ni wa Matwebe, kwa hiyo kila alipokwenda kumwamkia mzazi alipinda njia akapitia kwa Tupokigwe, naye Tupokigwe hakuwa na moyo wa kumwacha mtoto wa mwenzake aondoke na njaa. Alimpikia ndizi mbalaga, akammiminia maziwa mgando, na wakati wa kuondoka akamjazia parachichi kwenye mfuko. Katikati ya matonge kijana alikuwa akiuliza, "Na mfumo, mama, unaendeleaje?" Naye alijibu, "Unaendelea vizuri, mwanangu." Alidhani ni salamu. Kwao salamu haiishii kwa mtu mmoja. Inawapitia watoto, inaingia zizini, inazunguka migombani. Mashine nayo ilikuwa ya nyumbani, ingerukwaje?

"Tulipe tu, mwenyekiti," Esnath alinong'ona. "Kila mmoja akatwe kidogo, yaishe. Watu wa kompyuta hatuwawezi."

Mwezi uliopita Tupokigwe angekubali. Tangu apewe uenyekiti alikuwa amejizoeza kulisalimia kwa "sawa" kila neno asilolifahamu. Seva, sawa. Sasisho, sawa. Aliogopa kuonekana mshamba, yeye ambaye picha yake imebandikwa ofisi ya kata akiwa amekishika kishikwambi kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani anayetaka kukojoa. Lakini neno ziara alilifahamu, na kuku yule alimfahamu hata kwa mwendo wake. Kilichomchoma ni kwamba mtu alikuwa amechungulia chungu chake akakibandika bei, kisha bei yenyewe akadaiwa mpishi.

"Hatulipi," alisema.

"Na maziwa?"

"Yapimwe. Mzani haujanuna."

Kisha akachukua simu, sauti yake ikageuka asali. "Ackson, mwanangu, pita nyumbani mchana. Nimepika."

Alikuja, tena mbio, akidhani wameshalegea. Alikuta uani kina mama wameketi kimya kwenye mikeka chini ya upenu, kama watu wanaosubiri mwili uletwe.

"Ugonile, mama," aliamkia kwa Kinyakyusa.

"Nimeamka."

Alingoja mengine yafuate. Hayakufuata. "Na ng'ombe hawajambo?"

"Swali hilo ni bei gani?"

Mtu mmoja kwenye mikeka alikohoa kicheko. Ackson akatazama viatu vyake, vilivyokuwa vimejaa tope la njia nzima.

"Mama, si mimi niliyepanga bei. Ofisini nikitoka lazima nijaze nimekwenda wapi, kufanya nini. Nikijaza kwamba nimekwenda kula, nakatwa mshahara. Nikajaza ziara. Wao ndio wakaona ziara, wakatoza."

"Basi waambie ulikuwa unakula."

"Watanifukuza!"

"Gwe Ackson! Unaogopa kufukuzwa na watu waliokuajiri, huogopi kufukuzwa na watu waliokulisha?"

Kwa muda Tupokigwe alimwonea huruma. Shingo ya kijana ilikuwa nyembamba, kola imemzidi, na kwa pembeni alifanana na mama yake kabisa. Zamani huruma hiyo ingetosha kumfanya aseme sawa. Sasa akaimeza.

"Mwandikie na wewe ankara, mwenyekiti!" alidakia Esnath, ambaye sasa uoga ulikuwa umemtoka. "Kuku, ndizi, parachichi!"

"Simwandikii. Nikimtoza kuku, nimekubali kwamba nilikuwa nauza. Mimi sikuuza." Akamgeukia Ackson. "Sikiliza, mwanangu. Mkataba tunao, na tulichoahidi tumelipa. Mfumo ufunguliwe, kina mama wapate haki yao Jumamosi. La sivyo nitapanda gari niende Mbeya, niketi hapo mapokezi kwenu na kapu langu. Wakiniuliza nimefuata nini, nitawaambia nimekuja ziara. Na kesho yake tena. Nitawashauri mpaka waishiwe viti."

Mikeka ililipuka. Hata Ackson mdomo ulimcheza, akauzuia kwa mkono.

Tupokigwe hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na sinia, akafunua. Mbalaga zilikuwa zimeiva rangi ya udongo wa kichuguu, mvuke ukapanda ukachanganyika na ukungu. Akaweka beseni mbele ya kijana, akanyanyua birika la maji ya moto.

"Maji haya namnawisha mgeni. Mgeni hatozi. Kama umekuja kwa niaba ya kampuni, sema tu, hakuna ugomvi. Chakula kitaliwa na hawa walionyeshewa tangu alfajiri."

Ackson alikuwa na simu mkononi. Hapo hapo ikaanza kuita. Jina la bosi wake likawaka kwenye kioo, likazima, likawaka tena. Aliitazama simu, akaitazama sinia, na kwa namna watu wanavyonawa kwao, mkono mmoja haukutosha; simu ingebidi iwekwe chini.

Esnath akajisogeza mkekani, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

Tupokigwe akainamisha birika mpaka maji yakafika kwenye mdomo wake, yakasimama hapo yakimeremeta, bado hayajadondoka. Simu ikaita. Hakuwa na haraka. Mbalaga hukaa na moto wake muda mrefu.