Mahali pa Kutembea

Judy alikuwa na picha kumi na moja kwenye simu, na mama yake alizikataa zote kabla chai haijapoa.

"Hii ni Kipkelion, mum. Unatembea kando ya reli ya zamani, polepole, hakuna mlima. Jioni unapata kuku na maji moto."

"Reli nimeiona."

"Na Kabianga je? Kuna njia nzuri chini ya miti, na nyumba ya wageni iko na kitanda kikubwa hivi."

"Kitanda kikubwa cha nini, na mimi nalala peke yangu?"

Nyambeki hakuwa mtu wa kubembelezwa. Miaka thelathini na moja alichuma majani chai karibu na Kericho, kikapu mgongoni, panda huku shuka kule, mpaka mashine zikaletwa na yeye akaambiwa asante, nenda ukapumzike. Sasa daktari anasema magoti yake yanataka kutembezwa kidogo kidogo kila siku, na huyu kitinda mimba wake, nesi wa Nakuru, ameomba ruhusa wiki nzima ili amtafutie mahali pa kutembea kwa raha. Ati kutembea ndiyo likizo! Angeyasikia hayo siku zile za kuchuma, angecheka hadi majani yamwagike.

"Basi chagua wewe," Judy alisema, akaweka simu mezani. Alikuwa amechoka. "Popote. Bora kuwe na bafu ya maji moto na njia isiyo na mawe."

Nyambeki aliikoroga chai ambayo ilikuwa imekorogwa tayari.

"Silibwet," alisema.

"Silibwet ni soko, mum! Watu huenda huko kununua viazi. Utatembea wapi, katikati ya magunia?" Kisha Judy akakumbuka ni nani anaishi Silibwet.

Ni dada yake, Phanice, kifungua mimba. Aliolewa huko na Kipchirchir, mwalimu, Mkipsigis, si mtu wa kabila lao. Baba yao, Omariba, alichomewa nyumba na vijana wa Kikipsigis mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, na tangu hapo hakutaka hata kusikia lugha ya watu hao ikisemwa nje ya dirisha lake. Alisema Phanice asikanyage kwake tena. Hayo yalikuwa ya Omariba. Ya Nyambeki yalikuwa mabaya zaidi, na mwenyewe aliyajua. Phanice alipokuwa hospitali akijifungua kwa shida, damu ikikataa kukoma, alimtuma mumewe aje amchukue mama. Kijana wa watu alisimama nje ya nyumba za wafanyakazi, mvua ikimnyeshea, akiita, "Mama Phanice! Mama Phanice!" Na Mama Phanice alikuwa ndani, ameketi kitandani, amevaa kiatu kimoja. Omariba alimwangalia tu. Kile kiatu cha pili Nyambeki hakukivaa.

Kuanzia siku ile simu ya Phanice haikupatikana tena. Habari pekee waliipata kwa muuza viazi: kwamba alipona, kwamba mtoto pia alipona, na kwamba nyumba yao ina lango la buluu nyuma ya kanisa. Miaka saba ikapita hivyo. Omariba akazikwa, na sasa hakukuwa na mtu mwingine wa kusingizia.

"Sijui kama atanifungulia," Nyambeki alisema. "Lakini nikisema naenda likizo, nitapata miguu ya kufika. Nikisema naenda kuomba msamaha, sifiki hata steji ya matatu."

Judy hakucheka. Alichukua simu tena akaanza kutafuta nyumba ya wageni ya Silibwet.

Na jamani, walipata pazuri! Juu ya kilima, nje kidogo ya soko, blanketi mbili nzito kila kitanda, maji ya moto hadi kioo kinatoa jasho. Siku ya kwanza walitembea upande wa mashamba ya chai. Siku ya pili wakatembea upande uleule. Magoti yalikubali, moyo ndio ulikataa. Siku ya tatu Judy alisema, "Mum, leo tunapitia kanisani," na Nyambeki akavaa gauni lake jipya la maua bila kubisha.

Njiani alifanya mazoezi ya kusema. Maneno yenyewe ni mawili: nimekuja kutembea. Huku kwetu hayo yanatosha. Ukimwambia mtu umekuja kutembea kwake, umemwambia kwamba ulimkumbuka, kwamba utaketi, utakula, na huna haraka ya kuondoka. Mwenye nyumba akisema karibu, yale mengine mazito mtayasema baadaye, sahani zikishatolewa.

Kwenye kona ya kanisa alimsimamisha Judy. "Hapa niache peke yangu," alisema.

Ndani ya lango la buluu kulikuwa na msichana wa miaka saba hivi, anamlisha ndama nyasi. Alikuwa na paji la uso la Omariba, lote, vile lilivyokuwa. Nyambeki alishika lango.

"Unatafuta mama?" mtoto aliuliza. "Amepeleka maziwa. Anarudi sasa hivi."

"Nitamngoja. Unaitwa nani, mtoto mzuri?"

"Baba ananiita Chebet. Mama ananiita Nyambeki."

Furaha ilimpanda ghafla hata akasahau ana magoti. Nyambeki! Kumbe hakusahauliwa! Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa kumgusa yule mtoto, mtoto alipoendelea, tena kwa kujivunia:

"Ni jina la nyanya yangu, mama yake mama. Alikufa siku nilizaliwa. Alikuwa anakuja hospitali kutuona, akafia njiani."

Mkono wa Nyambeki ulibaki hewani. Katika ukoo wao mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Hupewa jina la marehemu, na Phanice alilelewa akijua hivyo.

Nyuma yake alisikia mkebe wa maziwa ukiwekwa chini. Akageuka. Phanice alikuwa amenenepa kidogo, amefunga kitambaa, na uso wote umempauka. Alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, akamtazama mama yake tena.

"Unatafuta nani, mama?" alisema. Ni vile mtu humwita mwanamke yeyote mzee sokoni.

Nyambeki alikuwa na yale maneno mawili mdomoni. Akamwona mtoto amesimama, nyasi mkononi, anasikiliza. Kwa mtoto huyu yuko nyanya aliyeitwa akaja. Akisema neno moja tu, nyanya huyo ataondoka, na mtoto atauliza: sasa kama hukufa, ulikuwa wapi?

"Sitafuti mtu," alisema. "Natembea tu. Daktari alisema nitembee."

Phanice alimtazama magoti. Macho yalimjaa machozi.

"Pole na magonjwa," alisema hatimaye. "Barabara ya lami ni hiyo."

"Mama, huyo ni nani?" mtoto aliuliza.

"Simjui. Ni mgeni wa hoteli." Sauti ilimkatika katikati, akaingia, akafunga lango.

Nyambeki alienda wima mpaka kona ambayo hawangeweza kumwona. Hapo akaketi chini na gauni lake jipya, kwenye vumbi, akalia kwa sauti, vile watu hulia matangani. Judy alikuja mbio, akapiga magoti, akamshika mabega.

"Amekufukuza? Mum! Amekuambia nini?"

"Hajanifukuza," Nyambeki alisema. "Amenizika, Judy. Na amenizika vizuri kuliko vile nilistahili."