Jiwe la Sairowua

Tluway hakuwa mwizi. Hilo alikuwa tayari kuapa mbele ya padre yeyote wa Karatu, na aliyemfahamu angemwamini.

Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Ukilitazama hivi, jeusi. Ukiligeuza kidogo, linakuja zambarau, kisha kijani, kisha rangi ya shaba, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi la maji. Tluway alilisugua kwa mswaki, akalichongea kitako cha mninga, akaliweka peke yake katika kabati la kioo dukani kwake na kulifungia taa ndogo. Madereva wa watalii wakawa wanaleta wageni kuliona, vinyago wakavisahau. Mzee mmoja wa Kidachi, mkusanyaji wa mawe, alilizunguka nusu saa nzima. Alisema kwake ana chumba kizima cha mawe wala hana la namna hiyo, na kwamba Ijumaa, akishuka kutoka kreta, atapita kulichukua.

Tluway alikuwa amelipata upande wa Sale, Umasaini, miezi mitatu nyuma, alipokwenda kumtembelea rafiki yake Lembris. Kando ya njia ya kwenda boma la kina Lembris palikuwa na rundo la mawe linalofika kifuani. Sasa, Tluway ni mtoto wa wakulima wa Mbulumbulu. Kwao trekta likifukua mawe, watu huyarundika mpakani mwa shamba, na rundo hilo halina mwenyewe. Anayetaka la msingi wa nyumba anachukua. Aliona kitu kinameta, akakiokota, akakitia mfukoni na kuendelea na safari akipiga mluzi. Hata hakujiuliza ni shamba gani hilo, katika nchi ya ng'ombe watupu.

Jumatano, mama yake Lembris, Nailantei, alikuja Karatu kupimwa macho, akafikia kwa Tluway kama kawaida yake. Kabla hata ya chai alitaka kuliona hilo duka analosifiwa. Alipita kwenye vinyago bila kusimama. Mbele ya kabati la kioo akasimama.

"Fungua," alisema.

Tluway akafungua. Bibi alilitoa jiwe, akapapasa kwa kidole gumba mahali fulani chini palipomeguka, na machozi yakamtoka.

"Hili ni la Sairowua, mume wangu. Nililibeba kutoka kwa baba yangu siku niliyoolewa. Mume alipokufa nikamwekea kaburini kwa mkono wangu."

Ndipo Tluway alipoelewa lile rundo ni nini. Mzee wa heshima akizikwa kule, kila apitaye humwongezea jiwe, ndiyo salamu yake. Miaka kumi na mmoja watu walipita wakaongeza. Yeye peke yake alipita akapunguza. Aibu ilimpanda usoni, akafungua kinywa aseme, lakini bibi alimtangulia.

"Mwizi alikuuzia, sivyo? Na wewe ukaliwekea kioo, ukaliwashia taa! Mungu alijua lipite kwa nani."

Akatemea mate kidogo viganjani, akampaka Tluway kwenye paji la uso, akaanza kumwombea baraka kwa Kimaasai: watoto, mifugo, maisha marefu. Na Tluway aliinamisha kichwa. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, aliyepata kipaimara, aliinamisha kichwa apokee!

"Utakuja ulirudishe wewe mwenyewe," bibi alisema. "Tena uwaambie watu aliyekuuzia. Wanamshuku Supeet, yule mchunga ng'ombe jirani yetu. Wenzake wa rika hawali naye tena. Kijana anakula peke yake, hebu fikiria!"

"Ndiyo, Yeyo," alijibu Tluway, akimwita mama kwa Kimaasai kama Lembris, na walipoketi kunywa chai, yake hakuimaliza.

Mzee wa Kidachi alipofika Ijumaa alikuta duka limefungwa. Mwenye duka alikuwa njiani na Nailantei, jiwe mapajani, akijipangia maneno. Atasema aliuziwa na mpita njia asiyemjua. Mtu asiye na jina hamuumizi yeyote, Supeet anasafishika, na yeye Tluway anabaki mtu. Kadiri alivyoyarudia maneno hayo ndivyo alivyozidi kujichukia.

Kaburini watu walikuwa wamekusanyika. Supeet alisimama pembeni, peke yake. Tluway aliliweka jiwe juu ya rundo.

"Haya, ndugu yangu," Lembris akasema, "aliyekuuzia ni nani?"

"Simjui. Mpita njia tu."

Lembris akamgeukia Supeet. "Kwa hiyo ulimpa mtu baki akakuuzie."

Supeet alitazama chini tu, kama mtu aliyekwisha kuchoka kukana. Tluway akashindwa kuvumilia.

"Mwacheni! Ni mimi. Nililichukua hapa hapa kwa mkono wangu. Nilidhani ni mawe ya shamba, kama ya kwetu. Hakuna aliyeniuzia."

Mzee mmoja akaguna, mwingine akacheka. "Mkulima! Aliona kaburi akadhani shamba!" Kicheko kikaenea, na Lembris akamwendea Supeet, akamshika mkono, akamwita mbele ya wote aje wakale. Tluway alianza kupumua. Hata hivyo, laiti wangemtukana, ingemwia nafuu kuliko kicheko kile cha huruma.

Nailantei hakucheka. Alimsogelea.

"Jiwe ulilichukua bila kujua," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo limekwisha, limerudi. Lakini siku ile dukani, nilipokubariki, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Yeyo."

"Basi baraka hiyo utairudishaje?"

Nailantei akageuka akaondoka na wengine kuelekea bomani. Baadaye kidogo Lembris alirudi, akamwambia Tluway kwa upole kwamba barabara ni mbaya, heri aanze safari mapema. Siku nyingine zote alikuwa akimng'ang'ania alale.