Wazima Sikuwahesabu

Basil ni mtoto wa mjukuu wangu Elius, kwa hiyo ni mume wangu. Alikuwa na miezi tisa tu. Meno hakuwa nayo ya kutosha, na mimi yangu yamekwisha, basi tulielewana.

Mwaka huo surua iliingia mtaani kwetu Makambako, watoto saba wakaugua. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga wanawake wakawa wanawataja mmoja mmoja, mimi nahesabu kwa vidole. Wanne walikuwa wamechanjwa, watatu hawakuchanjwa.

"Basi jamani," nikasema, "sindano imeshinda, nne kwa tatu. Anayetaka surua aende kliniki."

Walicheka mpaka mwenye mashine akazima injini ili nirudie naye asikie. Anneth, mama yake Basil, hakucheka sana. Nikadhani hajaelewa.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Basil kuchanjwa. Nilimwona Anneth shambani anapalilia viazi, nikajua ni Ijumaa, nikapita kimya. Mzaha ukiufafanua unaharibika. Ndivyo nilivyojiambia.

Wiki tatu baadaye mume wangu akawaka moto, vipele mwili mzima. Alipona, lakini masikio yalitoa usaha, na hospitalini Njombe wakatuambia hasikii tena vizuri.

Muuguzi Margareth alikuja nyumbani kuuliza ilikuwaje tukaikosa ile Ijumaa. Anneth aliniangalia, asinitaje. Nikajitaja mwenyewe.

"Bibi, wagonjwa uliwahesabu vizuri," Margareth akasema. "Wazima je?"

"Mzima ana nini cha kuhesabiwa?"

Akaomba viazi. Akatenga themanini: watoto wa mtaa waliokuwa wamechanjwa siku ile ya mzaha wangu. Pembeni akaweka sita: wasiochanjwa.

"Toa wagonjwa."

Nikatoa vinne kwenye rundo kubwa, vitatu kwenye dogo.

"Wanne katika themanini ni sawa na watano katika mia. Watatu katika sita?"

"Nusu. Hamsini katika mia." Darasa la nne halijanitupa.

"Basi pasipo chanjo wanaugua hamsini, penye chanjo watano. Imeokoa wangapi?"

"Arobaini na watano."

"Katika hamsini. Ndiyo tisini kwa mia. Mtaa mmoja ni mdogo mno kupimia chanjo, bibi, lakini njia ya hesabu ni hiyo."

Nikavitazama vile sabini na sita ambavyo hakuna aliyevigusa. Hao nilikuwa nawaona kila siku wakicheza.

Jumapili, baada ya ibada, nikamwaga viazi kwenye kanga nje ya kanisa, nikawaeleza wanawake yote, mpaka ile tisini.

"Bibi Esnath leo anauza viazi kimoja kimoja," akasema Avelina, mwenye mtoto wa miezi kumi ambaye hajachanjwa. Wakacheka.

Nikasema sitanii. Wakazidi kucheka, maana miaka yote ndivyo ninavyoanza.

"Niliongopa kule mashineni," nikasema. "Nawaombeni."

"Bibi huyu atatuua," akasema mwingine, anafuta machozi.

Ndipo Anneth akaja, akamkalisha Basil chini karibu na viazi, mgongo wake ukimwelekea Avelina.

"Mwite," akamwambia.

Avelina akamwita. Basil alikuwa akigongagonga kiazi. Akamwita tena, kwa sauti zaidi. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imepungua, na kicheko hakikuwepo.

Avelina akachuchumaa kwenye kanga, akaniambia nianze kuhesabu upya.