Gharama ya Kusafirisha

Shangazi yangu alikuwa anahamishiwa stoo ya mashuka kwa sababu ya sifuri. Sifuri moja tu, imekaa mahali isipostahili kukaa, na aliyeiweka alikuwa ofisini kwake anakunywa chai.

Shangazi ni mkuu wa benki ya damu katika hospitali ya tawi. Chumba chake kina friji mbili, meza, kompyuta, na kidirisha ambamo manesi huingiza kichwa wanapofuata chupa za damu. Kabla ya kutoa chupa yoyote, lazima aiulize kompyuta: mgonjwa huyu, wa kundi hili, aliyewahi kuongezewa damu ikamdhuru kwa namna hii, apewe ipi kati ya chupa zilizomo humu? Zamani jibu lilifika hata hajamaliza kuvuta kiti. Tangu ifungwe laini mpya ya mtandao, anauliza, anakwenda kunawa mikono, anarudi, na jibu bado. Mama mmoja aliyejifungua huku akivuja damu alisubiri mpaka wakalazimika kumkimbiza hospitali nyingine. Mama yule alipona. Lawama zikabaki kwa shangazi.

Mkurugenzi wa hospitali alisimama mbele ya wafanyakazi wote, kwenye mkutano wa asubuhi, akasema wapo wazembe ambao umri umewatupa mkono na teknolojia imewapita kushoto. Hakutaja jina. Aligeuza shingo tu, na shingo ile ikataja.

Niliposikia, nilikwenda kumwona. Nilimkuta ameikazia macho skrini, kiduara kinazunguka. Nesi mmoja alikuwa ameegemeza kidevu dirishani.

"Mama, nirudi baadaye au nilete godoro?"

"Lete na mto," shangazi alijibu bila kugeuka. "Na ukikutana na mchumba njiani mlete pia. Mtaoana, mtazaa, mtalea, damu bado haijatoka."

Nesi alicheka akaondoka. Shangazi hakucheka.

"We mtoto wa kaka yangu, si ndiwe uliyeniambia hii kompyuta yenu ina akili?"

"Inayo, shangazi."

"Basi kuna mtu imemwazima, na huyo mtu hajarudisha." Alizima skrini kwa kidole kimoja, kama anayemziba mtu mdomo. "Kikao ni leo mchana. Wananitoa hapa. Maisha yangu yote nimejua damu ya nani itamuua nani, leo nikahesabu foronya. Na hilo la stoo nalikubali, kazi ni kazi. Ila wameniita mzembe mbele ya wafagiaji niliowafundisha kusoma vibandiko vya chupa. Hilo silikubali."

Nilimwomba anipe mpaka mchana.

Mimi na mwenzangu mmoja ndio tunaotunza injini ya data, mfumo unaojibu maswali kama ya shangazi katika matawi yote ya hospitali ile. Data yenyewe haikai mahali pamoja. Habari za chupa za tawi zimo ndani ya mashine ya tawi. Historia za wagonjwa wote, mamilioni kwa mamilioni, zimo ndani ya mashine kubwa ya makao makuu, mji mwingine kabisa. Swali likiulizwa, ipo sehemu ya injini inayoamua lijibiwe kwa njia gani. Tunaiita mpangaji. Mwenzangu, ambaye kwa ukali wa ulimi wake tunamwita Msasa, husema huyu ndiye mpangaji pekee anayemjua anayepanga kitu, maana yule wa nyumba ya uani kwake hata kulipa kodi hajapanga.

Mpangaji hajaribu njia zote. Angezijaribu zote tungezeeka. Yeye hukadiria. Kusoma huku kutagharimu kiasi fulani, kuchambua kule kiasi fulani, kusafirisha data toka mji hadi mji kiasi fulani. Anajumlisha, kisha anashika njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Gharama hiyo si pesa. Ni jasho la mashine, na muda wa anayesubiri.

Tulimwamuru mpangaji atuonyeshe njia aliyoichagua kwa swali la shangazi. Msasa aliisoma, akaisoma tena, akavua viatu chini ya meza, jambo analolifanya akikasirika.

"Huyu anahamisha nyumba nzima kwa sababu ya sindano," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Badala ya kutuma jina la mgonjwa makao makuu, historia yake itafutwe kule na irudi peke yake, mpangaji alikuwa anabeba historia za wagonjwa wote wa kila mahali, anazivusha mji hadi mji, anazimwaga tawini, ndipo aanze kumtafuta mtu mmoja ndani ya lundo. Kila swali. Kila chupa.

"Amechanganyikiwa?" niliuliza.

"Hajachanganyikiwa. Kaambiwa. Tazama hapa."

Gharama ya kusafirisha: sifuri. Ilikuwa nane tangu tulipoijenga injini. Sasa, kama kubeba ni bure, kwa nini aisumbue mashine ya makao makuu yenye foleni kutwa nzima, wakati ya tawi imekaa haina kazi? Mpangaji alikuwa mtiifu. Alidanganywa, akapanga vizuri kabisa juu ya uongo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hata usufi una uzito wake. Huyu aliyeandika sifuri aliwashinda wahenga kwa roho ngumu.

Hatukuhitaji kuuliza ni nani. Meneja wetu tunamwita Kubana. Amekwisha ondoa taa za korido na kufungia karatasi za chooni kabatini kwake. Niliingia ofisini kwake nikiwa na ghadhabu, lakini mtu mzima husalimiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo, nani kakupuliza?"

"Ni wewe uliyebadilisha gharama ya kusafirisha?"

"Ni mimi," alisema kwa fahari, akasogeza kikombe. "Zamani tulilipia kila tunachotuma. Sasa laini ni ya mkataba: utume punje, utume ghala, bei ileile. Halafu nafungua mfumo nakuta imeandikwa gharama ya kusafirisha, nane. Nane ya nini? Nikaifuta."

"Ile si pesa, mzee. Ni uzito."

"Imeandikwa gharama."

"Gharama kwa mashine."

"Kijana, mimi nimesomea uhasibu. Gharama ni gharama."

"Barabara kutokuwa na ushuru hakuifanyi kuwa fupi. Laini ile ni nyembamba, na kila mara shangazi akiuliza chupa moja tunapitisha humo wagonjwa wote waliowahi kuumwa tangu hospitali ijengwe."

Hapo mkono wake uliachia kikombe. Naapa alielewa, nilimwona akielewa, macho yake yalitua mezani yakabaki pale. Kutojua si kosa, na kama angeinuka wakati ule tukaenda kurudisha nane, leo ningekuwa namsifu. Lakini alishika tena kikombe.

"Nimekwisha ripoti makao makuu kwamba gharama ya kusafirisha imeshuka mpaka sifuri. Wamenipongeza. Leo ipande nane, nitawaambia nini?"

"Uwaambie ulikosea."

"Lililokosea ni jina. Nani aliwatuma muite gharama? Mngeliita kwa Kizungu, nisingeligusa."

Sisi tuliipa injini yetu majina ya lugha yetu, na sijuti. Mtu asiyeelewa neno la mama yake huuliza, hafuti. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa amekwisha vaa koti.

"Twende kikaoni. Wametuita tuthibitishe kwamba mfumo ni mzima. Nitasema mimi. Wewe beba kompyuta."

Nikaibeba.

Ndani ya chumba cha kikao walikuwapo mkurugenzi, matroni, na shangazi aliyekaa wima mwisho wa meza kama mtuhumiwa. Kubana alisimama akasema kwa sauti laini: tumekagua, mfumo ni mzima, pengine mtumiaji anahitaji kazi nyepesi zaidi.

"Si kweli," nikasema.

Matroni aliacha kuandika. Kubana alinikanyaga mguu chini ya meza, nikauacha palepale aukanyage vizuri. Nilifungua kompyuta nikaisogeza kwa shangazi, nikamwomba aulize chupa kama anavyouliza kila siku. Akauliza. Kiduara kikazunguka. Mkurugenzi alitazama skrini, akatazama dari, akakohoa, akatazama tena.

Nilimpigia Msasa simu mbele yao wote.

"Weka nane."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Ukifukuzwa nakichukua kiti chako. Hicho chenye mgongo mzima."

"Chukua. Weka nane."

Shangazi aliuliza upya, na kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe jibu lilipofika.

Nilieleza kwa sentensi moja: aliyeandika sifuri alidhani gharama ni pesa, mashine ikaamini kwamba kubeba kila kitu ni bure, na mtumiaji ndiye aliyesubiri. Kubana alisema suala hili ni la istilahi zaidi. Mkurugenzi alikunja mikono, akatabasamu tabasamu la mtu anayefunga mkutano.

"Vizuri sana. Basi tatizo limekwisha. Tusilaumiane, sote ni familia moja."

"Nimelaumiwa mimi toka laini ifungwe," shangazi akasema taratibu. "Leo lawama imetoka kwangu inatafuta pa kukaa, ndiyo mnakumbuka tusilaumiane?"

Simu ya matroni ikalia. Aliisikiliza, uso ukambadilika: kuna mtoto chumba cha upasuaji, wanataka damu sasa hivi. Wote watatu walimgeukia shangazi.

Alikuwa amekwisha inuka. Alipita mlangoni kwa mwendo wake wa haraka, na maneno aliyatupa nyuma bila kupunguza hatua.

"Damu ya mtoto inatolewa na nani? Mimi nasikia ni wa mashuka."

Mkurugenzi alimfuata mbio mbio, tai begani, nami nyuma yao.

"Wewe ni mkuu wa benki ya damu, mama."

"Hilo umeniambia mimi koridoni. Wale uliowaambia mimi mzembe hawapo hapa."

"Kesho asubuhi nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba kompyuta ilikuwa na matatizo."

"Kompyuta haikuwa na matatizo," shangazi alisema akifungua friji. "Muulize mtoto wa kaka yangu."

Mkurugenzi alinigeukia akihema.

"Iliambiwa kubeba ni bure," nikamwambia. "Na aliyeiambia ni mtu, si mashine."

Alirudia kwa sauti ndogo, kama anayetafuna dawa. Shangazi alikuwa ameshika chupa, anasoma namba yake na kuilinganisha na ile ya kwenye skrini. Alimkabidhi nesi, nesi akakimbia.

"Sijasikia," akasema. "Rudia, kwa sauti ileile ya siku ile."

Mkurugenzi alilegeza tai, akatazama korido ambako wafagiaji wawili walikuwa wamesimama na mifagio yao, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.