D ya Kemia

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na Loisi Mbonile akaonekana amepata daraja la pili, baba yake hakutaka kusikia habari ya shamba siku hiyo. Alikamata jogoo mwekundu, akajaza debe la mahindi, akaongeza kahawa kidogo, na familia nzima ikashuka hadi Mlowo kumshukuru Mwalimu Ambakisye. Ndivyo walivyozoea watu wa kijiji chao pale Mbozi: mtoto akifaulu, mwalimu aliyemshika mkono hupelekewa shukrani nyumbani kwake, mchana kweupe, majirani wakiona. Wengine humpelekea mkuu wa shule kwa sababu ya cheo chake. Kina Mbonile walikwenda kwa Ambakisye kwa sababu ndiye aliyekuwa mwalimu wa ushauri, mwenye kuwaambia wanafunzi wasome nini ili waje kuwa nani. Tena alikuwa mzee wa kanisa, na Loisi alifundishwa kipaimara na yeye.

Mwalimu aliwapokea kwa mikono miwili. Aliomba sala ndefu, akamsifu baba kwa malezi, akamgeukia Loisi na kumwita "nesi wetu" mbele ya wazazi wake. Mama Loisi alitokwa na machozi palepale, na jogoo akaenda jikoni.

Unesi haukuwa ndoto ya kuokota barabarani. Likizo moja Loisi alikwenda Kamsamba kwa shangazi yake Frida aliyekuwa mjamzito, na uchungu ulipomshika wakampeleka zahanati. Nesi alikuwa peke yake, joto la bondeni limembana, wagonjwa wamejaa hadi nje. Alimwambia Loisi anawe mikono aje amshike shangazi yake. Loisi alishika, hakutetemeka, na mtoto alipolia, nesi alimtazama akamwambia kazi hii inakufaa. Tangu siku hiyo binti hakutaka kusikia kingine. Nyumbani walimtania, wakawa wanamletea hata kuku wanaochechemea awatibu.

Basi darasa lao lilipofika kidato cha pili, wakati wa kuchagua nani aendelee na sayansi na nani aziache, Loisi aliingia ofisini kwa Mwalimu Ambakisye akiwa na hofu moja tu. Kemia ilikuwa inampiga chenga. Alikuwa anapata D, akijitahidi sana D iliyonona kidogo, na Fizikia nayo vivyo hivyo. Alimwambia mwalimu wazi kwamba anataka unesi, kisha akauliza kama Kemia ni lazima. Mwalimu alimtazama kwa upole wote wa baba, akasema:

"Unesi ni Baiolojia, mwanangu. Hizo mbili zitakuvuta miguu bure. Ziache, upumue."

Loisi alipumua kweli. Alitoka pale mwepesi, akarudi nyumbani akiimba, na kwa miaka miwili akaisoma Baiolojia mpaka akapata B. Wenzake waliobaki na Kemia aliwaonea huruma.

Haya, msimu wa kuomba vyuo ukafika. Loisi na baba yake walikwenda steshenari moja pale Mlowo, kando ya barabara, ambapo malori ya kwenda Tunduma hupita yakitikisa vioo. Kijana wa steshenari, Kefa, aliingiza alama zake kwenye kompyuta, akachagua unesi na ukunga, akabonyeza. Mfumo ukakataa. Akarudia, ukakataa tena. Baba yake, Mzee Boazi, alisema mtandao wa Mlowo haufai, malori haya ndiyo yanayouvuruga, wasubiri kidogo. Kefa hakucheka. Aliuliza tu kwa sauti ndogo:

"Dada, Kemia na Fizikia zako ziko wapi?"

Loisi alimweleza kwamba unesi ni Baiolojia. Kefa akamgeuzia kioo asome mwenyewe: Baiolojia, Kemia na Fizikia, zote tatu, kila moja angalau D. Loisi alisoma mara ya kwanza, akasoma tena, kisha akabaki anaitazama ile herufi moja. D ndiyo aliyokuwa nayo. Aliiacha mwenyewe, tena kwa kushukuru.

Njia nzima ya kurudi alimtetea mwalimu. Alimwambia baba yake kwamba Mwalimu Ambakisye ni binadamu, hakujua, pengine masharti yamebadilika juzi tu. Aliyasema hayo kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushikilia. Mtu akikosea kwa kutojua, unaweza kulia ukamsamehe jioni hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya, ndipo Goodness alipoumaliza utetezi huo bila kujua. Goodness ni binti wa mwalimu, alisoma Ileje akikaa kwa bibi yake, na alikuwa amepata daraja la tatu la kuvizia. Alikuja anarukaruka kumwambia Loisi kwamba maombi yake ya unesi yamepokelewa, wakachukue sare za chuo pamoja. Loisi alimuuliza amepata nini kwenye Kemia.

"D," alisema Goodness, akacheka. "Nilitaka kuiacha tangu kidato cha pili, baba akawa mbogo. Alisema bila Kemia hospitali nitaingia nikiwa mgonjwa tu."

Walikuwa kidato cha pili mwaka mmoja, yeye Ileje na Loisi hapa. Mtu yuleyule, kwa ulimi uleule, aliwapa watoto wawili majibu mawili, na aliye wake ndiye aliyepewa la kweli. Loisi alisingizia kuumwa kichwa, akaenda nyuma ya kanisa, akalia kwa hasira, na hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa jinsi alivyomshukuru.

Nyumbani alimweleza baba yake kila kitu. Mzee Boazi akasema lile ambalo Loisi hakulitarajia: kwamba mwalimu ni mzee wa kanisa, kwamba walikwishampelekea shukrani watu wakiona, na kwamba wakigeuka sasa kumlaumu wataonekana hawana adabu. Isitoshe, Loisi amechaguliwa kidato cha tano kusoma Historia na lugha, si haba. Loisi alimtazama baba yake akaona kwamba hata huku hana mtu.

Asubuhi alikwenda shuleni peke yake. Mwalimu Ambakisye alimkaribisha kiti, na alipoulizwa hakuruka. Hilo lilimuuma Loisi kuliko uongo. Mwalimu alieleza kwamba mwaka ule mwalimu wa Kemia alihama, kwamba mkuu wa shule alitaka F zipungue, na kwamba kila mwenye alama za kusuasua ilibidi ashawishiwe kuacha. Alisema alifanya kwa huruma pia, kwani Loisi angeweza kufeli akavunjika moyo.

"Na Goodness, hukumuonea huruma?" Loisi aliuliza.

Mwalimu alipangapanga vitabu vilivyokuwa vimepangika tayari. Akasema mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu, na wako ni wako. Kisha akamshauri aisome Kemia upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na Fizikia, kana kwamba maabara hukodishwa sokoni pamoja na viti vya harusi. Na mwisho, huwezi kuamini, akamwomba msaada. Kidato cha pili walikuwa wanachagua siku hiyohiyo. Aingie darasani awape moyo, maana yeye ni mfano wa mtoto aliyesikiliza ushauri.

Loisi alikubali. Mwalimu alitabasamu kama mtu aliyesamehewa.

Darasani alitambulishwa kwa sifa nyingi, daraja la pili likatajwa, makofi yakapigwa. Loisi aliwauliza nani anataka kuwa nesi, daktari au mfamasia. Mikono mingi ikanyooka. Aliwaambia waishushe, akasema kwa sauti ambayo haikupanda hata kidogo:

"Msiache Kemia. Msiache Fizikia. Hata mkipata D, D inatosha kuwaingiza chuo cha unesi. Mimi nina B ya Baiolojia na nimekataliwa, kwa sababu niliziacha hizo mbili." Kisha akageuka. "Mwalimu, nimekosea?"

Darasa zima likamtazama Ambakisye. Mkuu wa shule alikuwa anapita dirishani, akasimama. Mwalimu alitazama nyuso zile za watoto wa watu.

"Hujakosea," alisema. "Ni kweli, wanangu. Kemia ni lazima."

Ilikuwa rahisi hivyo. Alilitamka bila kufungua kitabu, bila kumuuliza mtu, na watoto wakaanza kuandika. Loisi alibaki amesimama pale mbele yao, akifikiri kwamba neno lile lilikuwepo mdomoni mwa mwalimu siku ileile alipoingia ofisini kwake kuuliza.