Kibao Chenye Kandili

Kibao chenyewe kilikuwa kizuri, hilo Marlee hakulibishia. Kilikuwa cha buluu iliyokolea, na kandili ya njano pembeni ya namba za gari, na chini yake maneno: Simama na Manusura.

Mama Verna Tidwell alikihangaikia miaka miwili. Jimbo la Tennessee halichapi kibao maalumu cha gari mpaka watu elfu moja wajiandikishe kukinunua kabla hakijakuwepo, na Mama Verna aliwanasa mmoja mmoja kwenye milango ya makanisa, kwa pai tamu za kokwa za pekani na mdomo usio na breki. Kila kibao kikilipiwa, sehemu ya fedha inakwenda kwenye nyumba yake, anakowaficha wanawake waliochomolewa mikononi mwa wauza watu. Kwa hiyo cha kwanza kabisa alikifunga mwenyewe nyuma ya gari la nyumba hiyo, akarudi hatua tatu kukitazama kama mkwe mpya.

"Mama Verna," Marlee alisema, "nyumba yetu haina hata namba mlangoni. Barua tunafuata posta. Pizza hatuagizi. Sasa umetuandika matakoni."

"Acha uchuro wewe. Watu elfu moja watakuwa nacho!"

"Watakuwa. Leo tunacho sisi peke yetu."

"Ulimi huo ungekatia nyama. Haya, mpeleke mwenzio kwa daktari wa meno."

Mwenzie alikuwa Tawny, miaka kumi na tisa, siku ya tisa nyumbani. Aliyemuuza bado alikuwa mtaani, na meno mawili aliyomvunja ndiyo yaliyowapeleka mjini. Marlee alimwelewa bila kuambiwa. Naye aliuzwa miaka minne, kituo cha malori hadi kituo cha malori, kabla ya kuwa dereva wa nyumba na mtani wa kila mtu.

Walipotoka kwa daktari, pikapu nyeupe ilitoka nyuma yao.

Marlee alitazama kioo. Kwenye taa ya kwanza pikapu ilikuwepo. Ya pili, ipo. Akakata kulia mara nne, akarudi alipoanzia, maana mtu mwenye safari zake hakati kulia mara nne. Pikapu ikakata zote nne, ikapiga honi. Ilikuwa ndefu, imejaza kioo chote, na ndani yake alionekana mtu mwenye kofia.

"Umefunga mkanda?"

"Nimefunga," Tawny alisema kwa mdomo uliokufa ganzi. "Kwani nini?"

"Basi tu. Naendesha kama bibi yangu, na bibi yangu alikufa ajalini."

Tawny hakucheka. Alikuwa amekwishatazama kioo cha upande wake. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ukifuatwa, usirudi. Marlee akapita njia ya kwenda nyumbani bila kuitupia jicho, kana kwamba hata jicho lingeweza kuwachongea, akaingia kwa kasi katika uwanja wa kituo cha zimamoto na kulaza mkono kwenye honi.

Pikapu nayo ikaingia. Wazimamoto wawili walikuwa wameshatoka pale mtu wa kofia aliposhuka. Alikuwa mzee mwenye miguu ya matege, mikono juu.

"Jamani, msinipige! Nataka kuulizia kibao tu. Nilijiandikisha kanisani kwetu, mjukuu wangu alipitia hayo mambo. Nimepiga honi, dada huyu anakimbia kama ameiba kuku!"

Marlee akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Alikuwa anacheka. "Mzee, nusura uniue. Kwa heshima zote, nusura uniue."

"Samahani, binti. Kumbe na yule kijana hamkumpa nafasi ya kuuliza."

Kicheko kikamkauka. "Kijana gani?"

"Wa gari jeusi. Pale kwa daktari wa meno alishuka akakipiga picha kibao chenu. Nikafurahi, nikasema kumbe hata vijana wanakipenda. Alikuwa nyuma yangu njia nzima, amepita tu hapo alipoona zimamoto."

Mle garini Tawny aliuliza polepole, "Taa yake ya nyuma imebandikwa tepu nyekundu?"

"Hasa! Unamjua?"

Tawny aliteremka kitini, akajikunja chini ya dashibodi.

Polisi waliitwa. Mama Verna alikuja na gari la kuazima. Aliposimuliwa, aliomba bisibisi, akapiga magoti nyuma ya gari lake na kufungua kibao skrubu moja moja. "Nilikiona uzuri tu," alisema.

Marlee alitafuta utani wa kumpa, akakuta hana. "Kiuze, Mama. Mpe mzee huyu na majirani zake wote. Kivaliwe na watu wasiofuatwa na mtu. Sisi tutakula tu fedha kinazoleta."

"Mimi nitakifunga kesho," mzee alisema, kofia mkononi. "Atakayenifuata, anifuate mimi."

Walirudi kwa njia ndefu katika gari la kuazima, Mama Verna akiendesha, Tawny kalala sakafuni chini ya blanketi la zimamoto. Marlee alikaa kiti cha nyuma, kageuza shingo. Gari lililokuwa nyuma yao hakulijali tena. Alikuwa akilitafuta lile lililojificha nyuma ya hilo.