Chumvi ya Mswala wa Dena

Kila alfajiri baada ya sala, kabla ya kuwasha moto wa chai, Mbeyu aliukunja mswala wa mumewe pembe nne, akaupeleka mlangoni na kuukung'utia kwenye uteo. Chumvi iliyotoka ilijaa kibaba kimoja, siku nyingine ikazidi kidogo. Ilikuwa nyeupe, ya punje ndogo, na ilitoka pale pale Dena alipoweka kipaji chake cha uso wakati wa kusujudu. Mwanzoni Mbeyu alidhani ni ya kazini imemganda mwilini, kwa kuwa mumewe alikuwa kibarua wa mabwawa ya chumvi kaskazini ya mto Sabaki. Akamwogesha mara mbili kwa sabuni ya mche. Chumvi ikaja vile vile, naye akaacha kuharibu sabuni.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kula mahindi ya njano ya msaada, na jambo la chumvi nalo wakalizoea. Jirani yao Kadii alikuja na kikombe kuomba ya mchuzi. Alisema inakoleza kuliko ya dukani.

Asiyezoeleka alikuwa Dena mwenyewe. Alikwenda kazini, akakwangua chumvi kwa reki, akarudi, akaketi kuelekea ukutani mpaka magharibi. Alikula matonge mawili. Siku moja Mbeyu alimuuliza asubuhi kama anataka chai, akajibu "Ndiyo" adhuhuri. Na huyu ndiye mwanamume aliyekuwa hawezi kupita mlango wa shemeji zake bila utani! Mbeyu alimtaka mume wake arudi, basi. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Kavumbi, kaka mkubwa wa Dena, hakukosa jawabu hata siku moja.

"Muumini hasononeki," alisema, huku akila wali uliokolezwa chumvi ya nduguye. "Matanga ni siku tatu. Huyu ana mwaka wa pili. Imani imepungua."

Kadii alisema ni pepo, na pepo hataki mahubiri, ataka ngoma. Mbeyu akachoka na wote wawili, akajitanda leso, akaenda kwa Maalim Shekuwe aliyesomesha chuo cha Kurani. Maalim alikuwa na pumu, kwa hiyo hakupoteza maneno. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa marashi, akampa kombe lile ampelekee mumewe anywe. Dena alikunywa bila kubisha. Chumvi ya siku iliyofuata ilinukia mawaridi, na samaki waliopikwa nayo hawakulika.

Wiki ile ile Maalim alikuja mwenyewe. Alionja chumvi kwa ncha ya kidole, akauliza, "Mwanenu kazikwa wapi?"

Kavumbi, aliyekuwa akila pale, aliinamia sahani yake.

"Bwawa namba nne," Dena akajibu. Safari hii alijibu papo hapo.

Mtoto wao Kabibi alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Dena alimshusha kaburini kwa mikono yake bila kutoa chozi, maana Kavumbi alimnong'oneza kwamba machozi ya walio hai humtesa maiti. Mwaka uliofuata kampuni ilikuja na karatasi, na nyuma ya karatasi likaja greda. Wenye nyumba walipewa wiki mbili kuhama. Makaburi hayakutajwa. Kisha kampuni ikaajiri watu wa pale pale, kwa kuwa waliijua ardhi, na Dena akapewa reki na bwawa namba nne.

"Kavumbi, nisikilize," alisema Maalim. "Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Alikuwa na imani haba? Mtume wetu alimzika Ibrahimu, akalia mbele za watu, akasema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika. Na ametufundisha kumwomba Mungu atukinge na wasiwasi na huzuni. Lingekuwa jambo la wasioamini tu, angetufundisha ya nini?" Alingoja mpaka pumzi zikamrudia. "Imani ya huyu ni nzima. Kinachomuua ni kwamba kila siku anamkwangua mwanawe usoni. Mpelekeni akamzuru, amtolee salamu, alie. Halafu atafutiwe kazi nyingine. Na daktari Malindi naye amwone, kutafuta dawa ni sunna."

Kavumbi alisogeza kibakuli cha chumvi mbali naye.

Mbeyu alikwenda ofisi ya kampuni kuomba ruhusa. Msimamizi, Bwana Njoroge, alikuwa mtu wa adabu. Alimpa kiti na maji ya kunywa. Alieleza kwamba Dena akiwa na reki anaingia kila siku bila taabu, lakini akitaka kuingia kama mzazi, lazima awe na barua. Barua yataka kaburi. Na kaburi halimo kwenye ramani.

"Ningeliona kaburi hapa kwenye ramani ningekusaidia, mama," alisema. "Hata mimi niko na watoto." Kisha akashusha sauti. "Na hiyo chumvi ya nyumbani kwenu, ni ukweli?"

Mbeyu hakujua kusema uongo. Njoroge alimweleza, kwa upole ule ule, kwamba chumvi yote inayotoka mtoni mpaka kwenye mikoko ni ya kampuni, na leseni haikusema lazima itoke bwawani.

Ijumaa trekta la kampuni lilikuja na gunia la kuchukulia chumvi. Njoroge alikuja nalo amebeba ramani, kwa sababu hakupenda kazi nusu nusu. Aliikunjua juu ya kinu, akachora kwa kalamu nyekundu nyumba yao, na mlango akautia. Kando yake akaandika: Bwawa namba tisa.

Mbeyu aliweka kidole kwenye bwawa namba nne. "Hapa. Mwanangu yuko hapa. Tazama vizuri."

Njoroge alitazama vizuri. Akaigeuza karatasi akatazama na nyuma.

"Hayuko, mama. Pole."

Alfajiri iliyofuata Mbeyu alisali nyuma ya mumewe kama siku zote. Alikung'uta mswala wa Dena, akarudi kukunja wake, akauona mzito. Naye alikuwa mzazi wa Kabibi, lakini tangu siku ya surua hakuna aliyemuuliza ana hali gani, na yeye hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Aliumimina kwenye uteo. Kilitoka kibaba kimoja.

Dena aliutazama uteo. "Pole, mke wangu," alisema, na hakuchelewa.

Akaenda kuchukua reki yake. Ijumaa iliyofuata trekta lilikuja na magunia mawili.